Siku Sajenti Alipojifunga Pingu Nami

Kabula mwanangu,

Sikuulizi hali, maana nakusikia hapo uani ukicheka na mama yako, mnakaanga karanga za safari. Nimejifungia chumbani na kalamu yako, niliyoichukua bila kukuomba. Juma zima nimejaribu kukuambia haya kwa mdomo nikashindwa. Jana kule kwenye majaruba ya mpunga nilianza, nikasema, "Kabula, unajua askari..." Ukanigeukia na macho yale ya mama yako, nikaishia kusema askari huvaa viatu vizito. Ukacheka mpaka ukakaa kwenye tuta. Basi, naandika.

Sitakuandikia habari za kuamka mapema, wala kutunza vyeti, wala wanaume. Hayo mama yako amekwisha kuyasema, na kesho atayarudia stendi mbele za watu. Mimi ninalo moja tu, na ni refu.

Unajua kwamba niliwahi kukaa mahabusu kwa kesi ambayo haikuwa yangu. Ndivyo tulivyokuambia, na si uongo. Ila hatukukuambia kwamba wale watu waliokuja Samuye, kwa bibi yako, siku ile hawakuja kunikamata. Walikuja kuniua. Na aliyewazuia alikuwa askari, mwanamke, mwenye sare kama ile utakayopewa wewe. Tangu uliposema unataka kwenda depo kusomea uaskari, watu wananiuliza kwa nini sikukukataza, mimi niliyesoteshwa mahabusu na polisi. Huwa nawajibu kwa mzaha. Wewe nakujibu kwa barua hii.

Wakati huo nilikuwa Geita, kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo. Nilitoka kwetu Kondoa kijana mbichi, nikafuata dhahabu kama wenzangu. Dhahabu haikunitaka. Nikapata kazi ya kulipua miamba, nikasomeshwa, nikapewa kibali, na kazi ikanipa jina. Hakuna aliyeniita Ramadhani. Niliitwa Baruti. "Baruti, njoo, mwamba umegoma." "Baruti, chai yako inapoa." Machimboni ndivyo ilivyo. Mtu anaitwa Pilipili, mwingine Mkongo, mwingine Padri na hajawahi kuingia kanisani. Unaweza kumzika mwenzako, mliyekula naye sahani moja, ukakosa jina la kuandika kaburini.

Mwaka huo, mbali na sisi, watu walivamia kituo cha polisi wakaua askari na kuchukua bunduki. Ilisemekana walitumia baruti. Nchi nzima ilishika tama, nasi tulishika tama. Haikupita muda, magari yasiyo na namba yakaanza kuonekana machimboni, na ndani yake wanaume wa nguo za kiraia ambao hawakusalimia mtu.

Wa kwanza kuchukuliwa alikuwa huyo Pilipili, kijana aliyekuwa akishuka shimoni kwa kamba, hodari, mchekeshaji. Aliitwa, akaenda kwa miguu yake, akasema atarudi jioni tumwekee ugali. Baada ya siku chache redio ikasema gaidi ameuawa katika majibizano ya risasi. Tulikuwa kwenye kibanda cha mama muuza chai. Mtu mmoja akasema, "Afadhali." Wengine wakaitikia, na mimi nikaitikia. Tulikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu hufurahi akisikia jambo limekwisha. Yule mama alikuwa akifuta meza. Akasema polepole, kama anajisemea, "Lakini Pilipili alikuwa anaogopa hata kuchinja kuku." Chai yangu sikuimaliza.

Baada ya Pilipili alichukuliwa mwingine, akapigwa, akaulizwa baruti zinazoibwa machimboni zinatoka kwa nani. Akasema zinatoka kwa Baruti. Na alisema kweli, mwanangu. Hapo ndipo mambo yalipoharibika: kweli ilisemwa, ikamfikia asiyehusika. Kwa maana tulikuwa wawili. Upande wa pili wa kilima, kwenye kambi nyingine, kulikuwa na mtu aliyeitwa Baruti kwa ajili ya hasira zake, ukimgusa analipuka. Mimi nilikuwa nikisikia habari zake tu. Lakini waliokuwa wakitafuta walipouliza, "Baruti ni nani?" walionyeshwa mlipuaji mwenye ndevu, Mwislamu, mgeni kutoka mbali, anayeacha kazi ili akaswali. Wakaona hawana haja ya kuuliza zaidi.

Niliponong'onezwa kwamba natafutwa, nilikimbia. Nimelifikiria jambo hilo miaka yote hii. Kukimbia kulikuwa kosa, maana anayekimbia anamsaidia anayemshuku. Lakini Pilipili hakukimbia. Alitabasamu, akapanda gari. Ukifika mahali ambapo anayekimbia anakosea na anayebaki anakosea, ujue hapo sheria imehama, na watu wa hapo hawana tena njia njema ya kuchagua.

Nikakimbilia Samuye, kwa wazazi wa mama yako. Wewe na mama yako mlikuwa huko tangu mavuno. Bibi yako alinipokea kama Wasukuma wanavyompokea mkwe, yaani kwa mbali. Tangu nimwoe mama yako sikuwahi kushikana naye mkono, wala kula naye pamoja, wala kumtazama usoni anapozungumza. Akinipa maji aliyaweka chini, akasogea, ndipo nikayachukua. Alinipenda, hilo nalijua, lakini upendo wake ulikuwa unapita nyuma ya nyumba.

Ilikuwa mchana wa kiangazi. Ng'ombe walikuwa malishoni, mama yako kisimani. Wewe ulikuwa hujaanza shule. Ulikaa kizingitini unatafuna matobolwa, vile viazi vikavu vya kuchemsha vya bibi yako, mashavu yamejaa. Mimi nilikuwa ndani nashona kiatu. Mara nikaona kivuli, na mwanamke mwenye sare akakuruka wewe kizingitini akaingia bila hodi.

Nilimjua kwa sura. Alikuwa Sajenti Perpetua, wa kituo kidogo cha barabarani, yule aliyekuwa akisuluhisha kesi za ng'ombe kula mashamba ya watu. Mwanamke mnene kidogo, mwenye sauti ya upole.

"Wewe ndiye Baruti?"

"Ndiyo, afande, lakini..."

"Hiyo lakini utaisema mbele ya safari. Una silaha?"

"Sina."

"Nyoosha mkono."

Nikanyoosha wa kulia. Akaufunga pingu. Kisha akachukua upande wa pili wa pingu zile, akaufunga kwenye mkono wake mwenyewe wa kushoto. Nikamtazama, nikadhani amekosea. Hakukosea. Akatembea hadi kwa bibi yako, aliyekuwa amesimama na ufagio, mimi nikamfuata nikivutwa kama mbuzi wa mnadani.

"Mama," akamwambia, "ufunguo wake ni huu, sina mwingine. Usimpe mtu yeyote hapa, hata akikufokea. Uje nao kituo kikuu, Shinyanga mjini. Mwite mwenyekiti wa kijiji, waite majirani, mje wengi. Umenielewa?"

Bibi yako hakuuliza hata swali moja. Aliupokea, akaufunga kwenye pindo la khanga, akasema, "Tangulieni, ng'wanawane. Niko nyuma yenu." Yaani alimwita askari yule mwanangu, kwa Kisukuma.

Tukatoka. Nje, nyuma ya zizi, walikuwapo wanaume wenye bunduki, wamejipanga, na gari jeupe limezimwa chini kidogo. Baadaye nilikuja kujua kwamba Perpetua aliletwa kuwa mwonyesha njia tu. Alitakiwa anyooshe kidole akisema nyumba ni ile, kisha akae garini. Yeye akawaambia, "Ngojeni nikahakikishe yumo, kuna watoto mle ndani," akaingia peke yake.

Kiongozi wao alikuwa mtu mrefu, macho mekundu ya kukosa usingizi. Akatutazama, akatazama pingu.

"Sajenti, hiki ni nini?"

"Mtuhumiwa amekamatwa, afande. Hana silaha. Hakukaidi."

"Mfungue, usogee pembeni."

"Siwezi kumfungua, afande. Ufunguo sina."

"Uko wapi?"

"Utatukuta kituoni."

Nikasikia ndama mmoja aliyebaki zizini akijikuna kwenye mti wa boma.

"Unamlinda gaidi?"

"Namlinda mtuhumiwa, afande. Akithibitika gaidi, mimi nitakuwa shahidi wa kwanza."

"Wale vijana waliouawa kituoni waliulizwa na nani?" Sauti yake ilipasuka. "Nimewazika, Sajenti. Nimewabeba kwa mikono hii. Nani aliwauliza?"

"Hawakuulizwa, afande." Perpetua naye sauti ikashuka. "Mmoja wao nilikuwa naye depo. Namtaka aliyemuua kuliko unavyomtaka wewe. Tukimmaliza huyu hapa, kumbe siye, aliyemuua atabaki anakula ugali wake kwa raha. Na tukimmaliza, kumbe ndiye, nani atatuambia wenzake wako wapi?"

Yule kiongozi akageuza macho, akakuona wewe pale kizingitini, mdomo umejaa, unamtazama bila kupepesa. Alikutazama kitambo. Sijui aliona nini. Akasema, "Pakieni."

Kabula, mimi nimelipua miamba mikubwa kuliko nyumba hii. Nimeona ardhi ikiinuka kama mtu anayeamka usingizini, halafu ikakaa chini na vumbi likafunika jua. Sijaona nguvu iliyonishangaza kama ile ya siku ile. Na nitakuambia kitu ambacho hakuna mwingine anayekijua, kwa sababu hakuna mwingine aliyefungwa naye chuma kimoja: mkono wake ulikuwa unatetemeka. Nilikuwa nausikia kupitia pingu, unatetemeka kama wangu, mpaka sikujua tetemeko lipi ni la nani. Watu husema shujaa haogopi. Mimi nilikuwa ubavuni kwake. Aliogopa, na hakusogea.

Garini tulikaa nyuma, bunduki kulia na kushoto. Nikamnong'oneza, "Ahsante, afande."

"Usinishukuru," akasema bila kunitazama. "Sikujui. Kama ni wewe uliyewauzia baruti, nataka ufungwe mpaka mvi zikutoke. Lakini utafungwa kwa kuthibitishwa."

Maneno yale yaliniuma wakati ule. Nilitaka aniambie kwamba ananiamini. Nilichelewa sana kuelewa kwamba alinipa kitu kikubwa zaidi. Askari akikuokoa kwa sababu anakuamini, amekuokoa wewe. Yeye alimwokoa mtu asiyemwamini, na siku ile akaokoka kila atakayeshukiwa.

Kituoni mjini askari wa zamu aliniuliza jina kamili. Nikasema Ramadhani Juma. Nilijisikia kama ninamtaja mtu mwingine, jinsi nilivyokuwa sijalitamka jina hilo muda mrefu. Tukakaa kwenye benchi, mimi na Sajenti, kama bwana na bibi waliogombana, tukisubiri ufunguo.

Jua lilikuwa limeinama lori la pamba lilipofika. Likamshusha bibi yako, mwenyekiti, na nusu ya kijiji, wamejaa vumbi hadi kwenye kope. Bibi yako alipita moja kwa moja. Nilidhani atauweka ufunguo mezani. Alinijia mimi. Akaushika mkono wangu, ule mkono ambao hakuwahi kuugusa, akaugeuza huku na huku, akafunua shati langu akatazama mabega na mgongo, watu wote wakitazama. Wanawake wa Samuye walishika midomo. Kisha akafungua pingu, akawageukia askari.

"Nimemshika," akasema kwa Kiswahili chake kizito. "Hana jeraha. Hawa wote wameona. Nitakuja kesho, nimkute hivi hivi nilivyomwacha."

Akaja kesho yake, na iliyofuata, mpaka nikafikishwa mahakamani.

Sasa nikueleze mahakama. Wewe utaingia humo mara nyingi hadi uichoke, kwa hiyo nataka uione kwanza kwa macho yangu. Ilikuwa chumba cha kawaida, dirisha moja bovu, popo kwenye dari. Nilipelekwa kizimbani. Nyuma yangu walikaa wale wale wa kwenye gari jeupe. Karani akapaza sauti, "Kooorti!" Akaingia mzee mmoja mwembamba mwenye kikohozi, joho limemzidi. Hakuwa na fimbo. Hakuwa na chochote ila karatasi. Na wale wanaume wote wenye bunduki walisimama. Nilisikia viatu vyao vikigonga sakafu. Walisimama, wakasubiri mpaka mzee mwenye kikohozi akae, ndipo nao wakakaa.

Nilisahau kwamba nina kesi. Nilishangaa tu. Nani aliyewaza jambo kama lile? Nani alikaa akasema: wenye nguvu wote wasimame mbele ya asiye na nguvu, naye awaulize?

"Wewe ndiye Ramadhani Juma?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Mahakama hii haina mamlaka ya kusikiliza shauri hili, kwa hiyo leo hutakiwi kujibu shtaka. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mheshimiwa. Lakini Baruti wanayemtafuta siye mimi. Kuna mwingine."

Mwendesha mashtaka akainuka haraka. Hakimu akamwinulia kidole.

"Nimesema hatakiwi kujibu. Sikusema amekatazwa." Akainama, akaandika. Nilisikia kalamu inavyokwaruza. "Nimeandika. Una malalamiko juu ya ulivyokamatwa?"

Nikageuka nikamtazama Perpetua pale mlangoni. "Sina, mheshimiwa. Nilikamatwa vizuri."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Nisikudanganye ukadhani kuanzia hapo nilitembea kwenye zulia. Nilirudishwa mahabusu, na huko nilikaa hadi ukaanza shule bila mimi. Tulilala kwa zamu kwa kubanana. Kila tukirudi mahakamani tuliambiwa upelelezi haujakamilika, tarehe ikasogezwa, tena ikasogezwa. Nililaani. Kuna siku niliwaambia wenzangu kwamba heri wangenimaliza kule Samuye. Mzee mmoja tuliyelala naye ubavu kwa ubavu akaniambia, "Bwana mdogo, wewe unalalamika. Maiti halalamiki." Haki inakwenda kwa magoti, mwanangu, inachubuka njiani na inachelewa, na utakapokuwa ndani usiwe mmoja wa wanaoichelewesha. Lakini ilikuwa bado inatembea. Risasi ingekuwa imekwisha kufika.

Hakimu alipoandika yale maneno, yalibaki pale, na mtu akapaswa kuyajibu. Perpetua ndiye aliyepewa kazi ya kwenda kuuliza, nadhani kama adhabu. Akapanda kilima kile cha Geita, kambi kwa kambi, akiuliza swali moja tu: Baruti wako wangapi? Ndivyo alivyompata yule wa pili. Alikuwa amekwisha kutorokea ziwani, kwenye kambi ya wavuvi.

Na hapa pana jambo linalonisisimua mwili kila nikilikumbuka. Waliokwenda kumkamata ziwani ni kikosi kile kile cha gari jeupe, na kiongozi yule yule mrefu. Perpetua hakuwa nao. Hakuna aliyejifunga pingu na mtu. Na walimleta akiwa hai, amelowa maji hadi kiunoni, analia, anatukana, lakini hai. Wakamwandikisha jina. Yule kiongozi alikuwa amejifunza nini, na wapi, sikupata kumuuliza. Mimi nadhani alijifunza pale kwenye zizi letu, akitazamana na mtoto mwenye matobolwa mdomoni. Hayo ni mawazo yangu tu.

Kesi yangu ikafutwa. Lakini ya yule Baruti mwenzangu ilipoanza kusikilizwa niliitwa kutoa ushahidi, nikaeleza kwamba mimi pia naitwa Baruti, watu wakacheka tena. Nikabaki kusikiliza. Akaulizwa kama nilivyoulizwa mimi: wewe ndiye fulani? Una la kusema? Hapo nilishangaa kuliko siku yangu mwenyewe, maana mimi nilijua sina hatia, lakini huyu sote tulijua kuna alilolifanya. Na bado walimuuliza. Na bado wakanyamaza wamsikilize.

Akasema, "Mheshimiwa, mimi mwizi. Niliziiba baruti, nikawauzia wanaolipua samaki ziwani. Nifunge kwa hilo. Gaidi mimi siye, hata sijui wanakaa wapi."

Wakaletwa waliozinunua, wakaeleza. Ilikuwa kweli. Akafungwa kwa wizi wake. Waliovamia kile kituo walikuja kupatikana kwingine kabisa, kwa njia nyingine. Sasa hebu fikiria. Tungekufa wote wawili, mimi Samuye na yeye ziwani, redio ingesema magaidi wawili wameuawa, na kwenye kibanda cha chai mtu angesema afadhali.

Na Pilipili? Huenda alikuwa na wale watu. Huenda aliwabebea mzigo bila kujua. Huenda hakuwa na lolote. Hatujui, na hatutajua kamwe, kwa sababu hakuulizwa. Mama yake alikuja machimboni kutoka Kigoma kuuliza mwanawe alifanya nini. Hakupata hata wa kumwambia, "Alifanya hili." Alikaa chini karibu na shimo, akaokota jiwe akalitia kwenye pochi, akaondoka. Mzazi wa mtu aliyehukumiwa analia, lakini anajua analilia nini.

Utaniuliza, nakujua: "Baba, na akiwa gaidi kweli? Na akiwa ameua wenzangu?" Mwanangu, siku mtu atakapokuelekezea bunduki, jilinde. Mimi baba yako nakutaka urudi. Sisemi habari za siku hiyo. Nasema habari za siku utakayopelekwa kwenye nyumba ya mtu ambaye jina lake limefika kabla yenu, yeye amekaa anashona kiatu. Watakuambia hana haki kwa sababu ni gaidi. Nawe utajuaje kwamba ni gaidi? Kwa kuambiwa. Hata mimi niliambiwa habari za Pilipili, nikaamini kabla sijamaliza kikombe. Wala usiwaone wanaokuambia hivyo kuwa ni watu wabaya. Yule kiongozi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amezika vijana wake, na uchungu ulikuwa umemwonyesha njia fupi.

Siku niliyoachiwa nilikutana naye kwenye ukumbi wa mahakama. Akasimama. Nikafikiri atasema samahani, na nilikuwa nimekwisha kuandaa maneno makali. Akaniuliza, "Yule mtoto wa mlangoni ni wako?"

"Ni wangu."

"Mungu akukuzie," akasema, akapita. Yale maneno makali sijui yalikwenda wapi.

Perpetua alilipa. Asidhani mtu kwamba jambo kama lile hufanywa bure. Alipelekwa uhamisho mpakani, mbali na watoto wake, na cheo hakikuongezeka hadi alipostaafu. Nilimpigia simu ulipopata barua ya kuitwa depo. Nikamuuliza kama anajuta. Akasema, "Mkono wa kushoto unauma wakati wa masika." Halafu akauliza, "Binti kichwa chake ni kikubwa? Kofia za depo hazina saizi ndogo." Akacheka peke yake. Ndiyo yote aliyoyasema. Sikukulea uwe kama yeye, kwa sababu sijui mtu kama yeye analelewaje. Nataka tu ujue kwamba watu wa namna hiyo wapo, wana miili kama sisi, na mikono yao inatetemeka.

Namalizia, maana karanga zinanukia kuungua na mama yako anakulaumu wewe.

Tranka lako jipya la bati, lile la kijani nililolifuata mnadani, unamjua aliyelitengeneza: Fundi Sospeter, ambaye hupenda kukutania. Ufundi aliusomea gerezani. Ndiye yule Baruti mwingine. Hasira zilimwisha huko, au labda zimeingia kwenye nyundo. Ana mke sasa, na watoto mapacha wanaompanda mgongoni akichomelea. Nilipokwenda kulichukua tranka aliniuliza binti anasafiri kwenda wapi. Nikamwambia anakwenda kuwa polisi. Akaacha kupiga nyundo. Akalipapasa lile bati taratibu, kama mtu anayemtuliza ndama, hata nikaogopa kwamba nimemkumbusha mabaya.

Kisha akacheka, meno yote nje.

"Basi mwambie," akasema, "siku akija kunikamata, aanze na shikamoo."

Ni mimi baba yako, niliye hai,
Ramadhani